Nani Hazai?

Lugha yetu ya Kiswahili ni tajiri, lakini katika jambo moja imekuwa na upendeleo. Mwanamke asiyezaa tumempa jina lake, tasa, jina lile lile tunalomwita ng'ombe au mbuzi asiyeshika mimba. Mwanamume asiye na nguvu za kumwingilia mkewe naye ana jina lake, hanithi. Bali mwanamume mwenye nguvu zake zote, anayelima, anayevua na kulala na mkewe kama waume wengine, ila mbegu yake haitungi mimba, huyu hana jina la peke yake. Akitajwa, huazimwa neno mgumba, ambalo masikioni mwa wengi humleta mwanamke kwanza. Jambo lisilo na jina ni rahisi kusahauliwa, na likisahauliwa mzigo wake hubebwa na yule aliyekwisha kupewa jina.

Hapa Makwale, kama ilivyo katika sehemu nyingine za bonde la Kyela, ndoa ikipita miaka miwili bila mtoto swali huulizwa, nalo huulizwa upande mmoja. Mama mkwe humwuliza mkamwana. Wifi husema kwa mafumbo kisimani. Shangazi huja na dawa za mizizi zilizofungwa katika jani la mgomba. Mume haulizwi kitu. Pengine hushauriwa kwa upole aoe mwanamke mwingine. Nimehudhuria vikao vya ukoo vilivyojadili ng'ombe wa mahari warudishwe au wasirudishwe, na sikumbuki hata kimoja ambacho mzee aliinuka kuuliza kama mume naye amekwisha kupimwa. Basi swali ninalotaka tulitafakari pamoja, ndugu msomaji, ni hili: tukiijua sababu ya watu kutozaa, je, tumempata mwenye lawama?

Chanzo cha upendeleo huu, nadhani, ni mfano tulioukubali bila kuupima. Mume ni mpanzi, mke ni shamba. Mbegu ikitupwa isiote, shamba ndilo bovu. Mfano huu si wa Wanyakyusa peke yao, wala si wa Waafrika peke yao. Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, alifundisha kwamba katika uzazi mume hutoa umbo na mke hutoa mali ghafi tu. Huko Ulaya, mwaka 1694, Nicolaas Hartsoeker alichora mbegu ya kiume yenye kijitu kilichojikunyata kichwani mwake, kana kwamba mtoto mzima yumo humo na anachokosa ni mahali pa kukulia. Ilipita zaidi ya karne moja kabla Karl Ernst von Baer hajaliona yai la mnyama anyonyeshaye, mwaka 1827. Na miaka mingine karibu 50 kabla Oscar Hertwig hajaonyesha, mwaka 1876, kwa kutazama mayai ya kiumbe mdogo wa baharini mwenye miiba, kwamba kiini cha mbegu na kiini cha yai huungana kuwa kimoja. Kwa hiyo hata wataalamu walichelewa sana kukubali kwamba mama ni zaidi ya shamba.

Ajabu ni kwamba katika mpunga wetu sisi wenyewe hatulihukumu shamba haraka namna hiyo. Mkulima mwangalifu, kabla ya kusia, hutumbukiza mbegu majini. Zinazozama ni nzima. Zinazoelea ni mapepe, maganda matupu, naye huziengua na kuzitupa. Yaani shambani tunapima mbegu kwanza, na nyumbani tunahukumu shamba kwanza. Lakini hata mfano wa mapepe hautoshi, kwa maana ziko mbegu za kiume zisizo mapepe, zinazozama vizuri tunapozipima kwa macho, na bado hazizai. Habari yake imejulikana katika karne hii tuliyo nayo, na inafaa kusimuliwa taratibu.

Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Osaka, nchini Japani, Naokazu Inoue, Masahito Ikawa, Masaru Okabe na wenzao, walitangaza kwamba wameipata protini iliyo juu ya mbegu ya kiume ambayo bila hiyo mbegu haiwezi kuungana na yai. Waliipa jina Izumo, kwa heshima ya hekalu la kale la Izumo ambako Wajapani huenda kuombea ndoa. Kwa binadamu jeni inayoagiza protini hiyo itengenezwe huitwa IZUMO1, nayo imo katika kromosomu ya 19. Protini yenyewe ni mfano wa uzi wa shanga 350, kila ushanga ukiwa ni asidi moja ya amino, uzi uliokunjwa ukapata umbo maalumu. Imefichwa chini ya kofia iliyo kichwani mwa mbegu, na hujitokeza pale kofia hiyo inapopasuka karibu na yai. Ni kama mtu aliyebeba ufunguo mfukoni safari nzima, akautoa alipofika mlangoni.

Wataalamu hao waliwazalisha panya wa maabara wasio na jeni hiyo. Madume yalikuwa na afya njema. Yalipanda majike kama kawaida. Mbegu zao zilikuwa na umbo zuri, ziliogelea, zililifikia yai, zikapenya hata ganda lake la nje. Hapo ziliishia. Zilisimama zikiligusa yai, zisiweze kuingia. Majike waliokosa jeni hiyo hiyo, wao walizaa bila shida yoyote. Zaidi ya hayo, mbegu ya dume asiye na Izumo ilipoingizwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba, watoto walizaliwa. Maana yake mbegu ile haikuwa mbovu kwa ndani. Ilikuwa imebeba kila kitu cha baba ila ufunguo.

Ufunguo hauna maana pasipo kitasa. Mwaka 2014 Enrica Bianchi, Gavin Wright na wenzao, katika Taasisi ya Sanger karibu na mji wa Cambridge, Uingereza, walikipata kitasa chenyewe, protini iliyo juu ya yai, wakaiita Juno, jina la mungu wa kike wa Warumi aliyelinda ndoa. Panya majike waliokosa Juno hawakuzaa. Na mbegu moja ikishaingia, katika muda wa dakika 40 hivi yai huiondoa Juno yote katika uso wake, kana kwamba mwenye nyumba amekwisha kupokea mgeni wake na sasa anafunga mlango wasiingie wengine. Tazama basi namna wenye sayansi, watu tunaodhani hawajali ila vipimo, walivyokwenda kuchukua jina la ndoa kutoka mashariki na jina la ndoa kutoka magharibi ili waeleze kilichotokea mahali padogo kiasi hicho. Walielewa kwamba kilicho mbele yao ni mapatano ya wawili.

Mapatano hayo ni ya kale kuliko binadamu. Kila mwenyeji wa Kyela anamjua mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa anayepanda mito kwenda kutaga katika changarawe. Jike hutaga mayai na dume humwaga manii majini, na mbegu hulitafuta yai katika maji yanayokwenda kasi. Yuko samaki mdogo wa Asia, mwenye milia kama ya punda, ambaye ni wa jamaa moja na mbasa, na wataalamu humfuga sana katika maabara. Mwaka 2024 watafiti wa Vienna, wakiongozwa na Andrea Pauli, wakisaidiwa na programu ya kompyuta inayobashiri maumbo ya protini, walionyesha kwamba katika mbegu ya samaki huyo Izumo imeshikana na protini nyingine mbili kuwa kifungu kimoja, na kifungu hicho ndicho kinacholishika yai. Vile vile walipata dalili kwamba kifungu cha namna hiyo kimo pia katika mbegu ya binadamu. Kitasa cha yai la samaki si Juno, ni kingine. Lakini ufunguo una asili moja. Anayejivunia mbegu zake kama ushujaa wake mwenyewe na akumbuke kwamba sehemu ya ushujaa huo anashirikiana na samaki.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila nyumba isiyo na mtoto katika Makwale ina kasoro ya jeni hii. Sababu za kutozaa ni nyingi: mirija ya mwanamke kuziba kwa kisonono au klamidia isiyotibiwa mapema, matumbwitumbwi yaliyompata mwanamume na kushambulia korodani, upungufu wa homoni, na mengine. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hukutwa na tatizo hili wakati fulani maishani mwake. Naleta habari ya Izumo kwa sababu nyingine. Ni kesi inayotulazimisha kufikiri sawasawa. Hapa mume ana nguvu, manii yake yakitazamwa kwa hadubini yana idadi, mwendo na umbo, hata mpimaji wa kawaida angeweza kumwambia hana tatizo. Kumbe kizuizi kipo kwake, mahali ambapo jicho halifiki. Kama mfano wetu wa mpanzi na shamba ungekuwa wa kweli, kesi kama hii isingeweza kutokea.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtu mwenye haraka atasema: vema, tumegundua kwamba mkosaji ni mume, tuhamishe lawama. Mimi nasema huko ni kubadili anayebebeshwa mzigo, na mzigo wenyewe ukabaki ule ule. Hebu tufuate njia ambayo kasoro ya namna hii hupita. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Kama kwa binadamu mambo yako kama yalivyo kwa panya, mwenye nakala moja nzima huzaa, na mwanamke huzaa hata akiwa hana nakala nzima. Baba na mama, kila mmoja akiwa na nakala moja yenye kosa, hawajui lolote. Wanazaa watoto, wanacheka. Kwa kila mtoto wao ipo nafasi 1 kati ya 4 kwamba atapokea nakala zote mbili zenye kosa. Akiwa binti, hataona dalili. Akiwa wa kiume, mbegu zake zitaishia mlangoni. Ni nani kati ya hawa aliyetenda dhambi? Kijana hakuchagua. Baba hakuchagua, mama hakuchagua, na babu zao walipokea walichopewa. Tunaweza kuifuata sababu nyuma hadi tuchoke, na njiani tusikutane na mkosaji hata mmoja.

Hapo ndipo tofauti ya sababu na lawama inapoonekana. Sababu hujibu swali, jambo limetokeaje? Lawama hujibu swali lingine, nani angeweza kutenda vinginevyo naye akakataa? Mafuriko ya Mto Kiwira yana sababu, hayana mwenye lawama. Lakini aliyeona maji yanapanda asimwamshe jirani yake, huyo ana lawama. Sisi tumeyachanganya maswali haya mawili, na kwa kuwa swali la kwanza lilitushinda kwa karne nyingi, tulilijibu kwa jibu la pili: hatukujua limetokeaje, tukatafuta mtu.

Mzee mmoja akinisikia atanipinga, na upinzani wake unastahili kusikilizwa. Atasema kwamba wahenga hawakumlaumu mwanamke peke yake. Walitazama uhusiano mzima. Ni kweli. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta imani ya pumzi ya watu, ambayo Monica aliieleza katika kitabu chake Good Company cha 1951: kwamba hasira ya haki ya majirani na wazee, ikinung'unikiwa, huweza kumletea mkosaji baridi, maradhi na mikosi, na utasa ulihesabiwa miongoni mwa mikosi hiyo. Dawa yake ilikuwa ni kusema. Mwenye kinyongo alitakiwa akitoe moyoni kwa maneno mbele ya wenzake, wapatane. Mzee atauliza: jeni yako inatuagiza kufanya nini? Sisi tulikuwa na la kufanya.

Nakiri kwamba hoja hii ina uzito. Imani ile ilikosea kuhusu mbegu na yai, kwa maana hakuna kinyongo kinachoweza kuondoa Izumo katika mbegu, wala mapatano yanayoweza kuirudisha. Lakini haikukosea kuhusu watu. Ilijua kwamba nyumba isiyo na mtoto huumizwa zaidi na yanayonong'onwa kuliko na ukosefu wenyewe, na kwamba kilichofichwa huoza. Ningependa tuchukue nusu hiyo ya urithi wetu na kuiunganisha na ujuzi mpya. Sababu tuitafute hospitali, kwa wote wawili siku moja, mume na mke. Kinyongo tukitoe barazani kama walivyofanya wazee.

Na hapa ndipo lawama ya kweli inapopata makao yake. Mwanamume hana lawama kwa alivyozaliwa. Lakini anayekataa kupimwa huku mkewe akinyweshwa mizizi, huyo ana lawama. Aliyepimwa akajua, kisha akanyamaza na kumwacha mkewe arudishwe kwao kwa jina la tasa, ana lawama kubwa zaidi, kwa kuwa alikuwa na neno moja la kumwokoa mwenzake naye akalimeza. Hali kadhalika mwanamke anayejua kwamba kizuizi kiko kwake hana haki ya kumwacha mumewe adhihakiwe na rika lake. Maumbile hayatuulizi neno, lakini kuhusu ukimya wetu tutaulizwa.

Wako wanaotetea ukimya huo kwa hekima ya zamani. Kitanda hakizai haramu, husema, na kwa methali hiyo wanamaanisha kwamba mke akitafuta mtoto kwa siri mahali pengine, mtoto ni wa mwenye kitanda, na heshima ya kila mtu imelindwa. Methali hii ina wema ndani yake, kwa sababu inamlinda mtoto, ambaye hakika hana kosa. Lakini tazama ni nani anayelipa gharama. Mwanamke ndiye anayesukumwa kuhatarisha mwili wake na dhamiri yake, ili mwanamume asisikie neno moja la ukweli. Nyumba ya namna hiyo inasimama juu ya jambo ambalo kila mmoja anaogopa lisije likatamkwa, na mtoto hukulia ndani ya woga huo bila kujua jina lake.

Utaniuliza, je, tiba haipo? Ipo. Tangu mwaka 1978, alipozaliwa Louise Brown huko Uingereza, yai na mbegu huweza kukutanishwa nje ya mwili. Na tangu 1992, kwa kazi ya Gianpiero Palermo na wenzake huko Brussels, mbegu moja huweza kuchomwa ndani ya yai kwa sindano, njia ile ile inayopita juu ya mlango ambao Izumo ingeufungua. Huduma hizo zimefika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Lakini kwa familia inayoishi kwa magunia ya mpunga na kilo za kokoa, gharama yake ni kama habari za nchi ya mbali. Kwa wengi wetu swali litabaki si namna ya kupata mtoto, bali namna ya kuishi bila ya kumpata, na kuishi kwa heshima.

Kwa hilo lugha yetu, niliyoilaumu mwanzoni, ina jambo jema la kutufundisha. Ndugu wa baba yangu simwiti kwa jina la kumtenga. Namwita baba mkubwa au baba mdogo. Dada wa mama yangu ni mama pia. Watu waliotunga maneno haya hawakujua kromosomu ya 19, lakini walijua kwamba ubaba hauishii kwenye mbegu. Mtoto wa ndugu yako anayekujia jioni na daftari lake, ukamnunulia kalamu, ukamwonya asiogelee mtoni wakati wa masika, huyo hakuiti baba kwa kukosea. Anakuita kwa haki.

Basi swali la nani hazai ni swali lililoundwa vibaya. Mbegu peke yake haizai, yai peke yake halizai. Ufunguo bila kitasa ni kipande cha chuma tu. Wanaozaa ni wawili, na wanaokosa kuzaa ni wawili, hata kizuizi kikiwa kimekaa upande mmoja. Kikao cha ukoo kitakapoitwa tena, na wazee wakishakaa juu ya mikeka yao, wangeanza na swali jingine: ninyi wawili, mmekwisha kwenda pamoja kupimwa, na mmeambiana kweli? Wakijibu ndiyo, basi habari ya ng'ombe wa mahari haina haja ya kutajwa siku hiyo.